Mwaka Msomaji Alipochagua Kitabu cha Sheria

Kabla ya kuchagua kitabu, alikuwa anakinusa. Anakifungua katikati, anaingiza pua yake ndefu, anavuta pumzi, halafu anasema, "Hiki bado kizima," au, "Hiki kimeanza kuoza." Huku kwetu mvua zikishaanza hakuna kinachokauka, si nguo wala kuni, na karatasi ndiyo kabisa. Kwa hiyo kila mwaka Majilio yalipokaribia, siku yoyote jua likichungulia, Msomaji alitandika mkeka mbele ya nyumba yake pale misheni, akavitoa vitabu sandukuni, akavilaza juani, akakaa pembeni na kipande cha jani la mgomba kufukuza kuku. Ukipita ukauona ule mkeka, ulijua Krismasi haiko mbali.

Sote tulimwita Msomaji. Jina alikuwa nalo, na mimi ninalijua, maana majina hayanipotei. Waulizeni wajukuu zangu hapa Mbugani: wakibishana nani alimwoa nani, wanakuja kwangu. Lakini jina lake silitaji, na sababu mtaiona.

Hakuwa mchungaji. Mchungaji alikuwa Mdachi mmoja, mtu mpole mwenye ndevu, ambaye Kinyakyusa chake kilitembea kwa magoti. Watu walimsikiliza kwa heshima, basi. Msomaji ndiye waliyemfuata. Kazi yake ilikuwa hii: siku zote za Majilio, jioni jua likiwa bado juu ya migomba, kengele inapigwa, watu wanakaa, yeye anasoma. Kitabu kimoja kwa mwaka, kuanzia mwanzo wa Majilio hadi Krismasi yenyewe, hakibadilishwi. Vingine vilikuwa vya Kiswahili, na watu wa wakati ule Kiswahili walikijua wachache. Macho yake yakawa yanasoma Kiswahili na mdomo unatoa Kinyakyusa palepale, bila kukwama. Nilikuwa mtoto, nikadhani kila kitabu kina lugha mbili, moja ya kuonekana na moja ya kusikika.

Majina ya vitabu hatukuyajua. Tulivipa yetu. Kulikuwa na Kile cha Nyota, cha wale wakubwa waliosafiri na zawadi. Kulikuwa na Kile cha Punda, cha mama na mtoto wakikimbia usiku. Kulikuwa na Kile cha Barafu, chenye picha za Udachini, nyumba zimefunikwa weupe mpaka madirishani. Msomaji mwenyewe hakuwahi kuiona barafu, lakini alituambia ni kama wale wadudu wa ziwani tunaowala, wanaopanda angani kama moshi, ila hawa ni weupe, ni wa baridi, na hawaliwi. Mzee mmoja wa Ikolo, Anganile, akauliza, "Kama hawaliwi, Mungu anawamwaga wa nini?" Watu wakacheka mpaka kengele ikapigwa tena.

Na kulikuwa na Kile cha Sheria. Hicho kilikuwa kinene kuliko vyote, na hakuna aliyekitaka.

Kuchagua kulikuwa jambo kubwa, msifikiri ni mchezo. Kikichaguliwa kizuri, watu walitoka Ikolo, walitoka mpaka ng'ambo ya mto, na sisi wa mwambao tulikuja na mitumbwi. Kikichaguliwa kibaya, vikongwe tu. Kwa hiyo mkeka ulipotandikwa, watu walianza kumtembelea Msomaji bila sababu. Huyu na mkungu wa ndizi, yule na kibuyu cha maziwa.

"Ugonile, Msomaji. Nilikuwa napita tu."

"Pita basi."

"Mwaka huu si kile cha punda?"

"Maziwa weka pale kivulini. Ndaga, asante."

Alipokea kila kitu na kuchagua alichotaka. Na alikuwa mchoyo. Chumvi kwake ilikaa kwenye kikasha chenye kufuli. Lakini kwenye kitabu cha mama anayekimbia, akifika mahali mfalme anapoua watoto wachanga, alifunga kitabu akasema, "Hapa tumepita." Mwaka baada ya mwaka, hapa tumepita. Mwenye watoto hakuwahi kuusikia ukurasa ule kutoka mdomoni mwake. Basi niambieni, mtu huyo ni mchoyo au mkarimu? Mimi nimeshindwa.

Sisi tulikuwa watu wa vyungu. Nyumba zetu zilikaa pale mlima unaposhuka mpaka majini, mashamba hakuna, udongo ndio shamba letu. Mama zetu wanafinyanga, baba zetu wanavua na kupiga kafi kupeleka vyungu tambarare, na chungu kinauzwa kwa kujazwa: ukitaka chungu hiki, kijaze mahindi, mahindi yangu, chungu chako. Msomaji alipenda vyungu vya mama yangu, Sekela. Alikigonga kimoja kwa kidole, akatega sikio, akasema, "Hiki kinaimba." Lakini kwetu hakuja hata siku moja. Miaka yote ile, sisi ndio tuliokwenda kwake. Baba yangu, Kajigili, alikuwa akisema, "Yule anatupenda sisi tukiwa tumekwisha kuchomwa na kupoa."

Na tulikuwa na midomo, siwezi kukataa. Mwanamke wa vyungu anapita masoko yote, kwa hiyo habari zilisafiri pamoja na vyungu. Kitabu kikitangazwa leo, mama zetu walikifikisha kila mahali kabla ya juma kwisha. Watu walitutania: "Nipe chungu na habari, nitajaza vyote viwili."

Sasa mwaka wa pili wa vita.

Wadachi walikuwa wanapigana na Waingereza upande wa Songwe, na mizigo ya vita haina magurudumu, inabebwa kichwani. Walichukua wanaume. Askari walikuja alfajiri vijijini, wakakuta vitanda vya moto na watu hawapo, maana wanaume walijifunza kulala migombani na kwenye matete. Mchungaji wetu aliitwa bomani kuuguza majeruhi. Msomaji akabaki peke yake na misheni, na vitabu vyake, na mkewe Tupokigwe ambaye ndiye aliyenisimulia hili, miaka baadaye, tukipepeta mpunga.

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Akaja karani wa boma, mtu wa mbali, kofia kichwani, na askari wawili nyuma yake. Akaviangalia vitabu pale chini, akakigusa kimoja kwa ncha ya kiatu.

"Wanasema ukichagua kizuri, nchi nzima inakuja."

"Wanasema."

"Mwaka huu chagua kizuri sana. Siku ya Krismasi Bwana Mkubwa anataka kuwaona watu wake. Wanaume hasa. Amewakosa siku nyingi."

Wale askari wakacheka. Tupokigwe alikuwa mlangoni, ungo mkononi. Alisema mumewe alijibu, "Sawa, bwana," kisha akaendelea kufukuza kuku kwa lile jani, na kuku hawakuwapo.

Jumapili iliyofuata alisimama akatangaza: Kile cha Sheria.

Nilikuwapo. Kanisa zima liliguna. Anganile akasema kwa sauti, hakuweza kujizuia, "Msomaji, una homa? Sheria, Krismasi?"

"Sheria."

"Sisi tuna vita nje, na wewe unatuletea ukoma na ukungu wa ukutani?"

"Asiyetaka asije," akasema. "Nasema tena, asiyetaka kusikia, abaki kwake."

Sasa mnaona. Asingeweza kukataa kusoma, angechapwa kiboko na angewekwa mwingine mahali pake. Asingeweza kusema msije, karani alikuwa na masikio kila mahali. Akachagua kitabu cha kuwafukuza. Na akakisoma vibaya kusudi, bila kupandisha wala kushusha, kama mtu anayehesabu magunzi. Madoa ya ngozi. Siku za kutengwa. Mnyama huyu liwa, mnyama huyu usiguse. Juma la kwanza vijana wakaacha kuja. La pili wakaacha wenye wake. Vikongwe wakasinzia. Karani alikuja jioni moja, akatazama mikeka mitupu, akamtazama Msomaji.

"Watu wako wapi?"

"Hiki ndicho kitabu kikubwa kuliko vyote, bwana. Niliona Bwana Mkubwa anastahili kikubwa."

Lile lilikuwa jibu la mtu shujaa, nakubali, na Ikolo wanalisimulia hadi leo. Wanaume wa Ikolo walikula Krismasi yao migombani, wazima wote.

Lakini ndani ya kitabu kile kulikuwa na sheria ya vyungu.

Inasema hivi, kwa maneno yangu: mdudu wa namna fulani, mjusi, panya, akifia ndani ya chungu cha udongo, chungu kile ni najisi. Cha mti utakiosha. Cha udongo usikioshe, kivunje. Msomaji alikuwa anasoma ile sauti yake ya magunzi, hakufikiri, akaipita sheria ile kama alivyopita nyingine. Yeye aliyejua kuruka ukurasa wa watoto, huu hakuuruka. Na wale vikongwe waliokuwa wanasinzia waliamka hapohapo, maana sheria nyingine zilikuwa za watu wa mbali, lakini panya ndani ya chungu anajulikana kila nyumba.

Sijui kama mmewahi kuona jinsi watu wanavyoshika Neno pale linapowafaa. Krismasi ndiyo soko letu kubwa, kila mama anataka chungu kipya cha sikukuu. Mama yangu alipanga vyungu vyake sokoni. Akaja mwanamke amebeba chungu cha zamani, tulimuuzia sisi, akakibwaga miguuni mwa mama, pwaa.

"Mjusi kaingia. Msomaji kasema kivunjwe. Nipe kingine."

"Nikupe? Jaza, dada."

"Nijaze mara mbili? Kwa chungu cha najisi? Udongo wenu ndio unaowaita mijusi!"

Watu wakacheka. Akaja wa pili, akavunja. Wa tatu alivunja kwa utani tu, cha kwake hakikuwa hata na mjusi. Na wengine wakasema afadhali kununua sufuria ya Mhindi, hiyo inaoshwa. Mama yangu alirudi na vyungu vilevile alivyokwenda navyo. Mwambao wote ulirudi hivyo. Sisi bila mahindi ya vyungu tunakula nini? Samaki na maji.

Usiku ule wanaume wa kwetu walikaa wakasema: Krismasi tunakwenda sote, twende tumwambie Msomaji, mbele ya watu, aliondoe neno lake. Askari? Walijua habari za askari. Lakini askari hawakuwa wakija mwambao, hakuna njia ya miguu, na tambarare wanaume walikuwa wanaonekana tena barabarani. Wakadhani kumepoa. Tena ni kanisani, ni Krismasi. Baba alisema, "Hata Mdachi ana Krismasi."

Na mama na mimi tulikwenda, tukiwa na vyungu vitatu vizuri vya kuonyesha. Asubuhi ziwa lilikuwa limelala. Tulipofika kanisani tulishangaa: mikeka mitupu, vikongwe na watoto, na karani mbele amekaa kwenye kiti. Askari hatukuwaona, walikuwa nyuma ya ukuta.

Msomaji alikuwa katikati ya mstari. Akainua macho, akawaona baba zetu mlangoni. Nilimwona uso wake. Nimeutafuta uso ule miaka yote, na ninachoweza kusema ni kwamba ulipauka kama majivu.

Baba akavua kofia yake ya ukindu. "Msomaji, ugonile. Tumekuja juu ya neno la vyungu."

Na yule mtu akapiga kelele, kwa ile sauti yake ya kweli ambayo hatukuwa tumeisikia Majilio yote:

"Rudini! Rudini majini, watu wa udongo! Najisi nyie! Nani kawaita? Tokeni hapa!"

Sasa nawauliza ninyi. Mtu akikutukana mbele ya mkeo na mwanao, mlangoni pa kanisa, siku ya Krismasi, unageuka kurudi? Pengine mwenye hekima angegeuka. Baba yangu hakugeuka. Aliingia ndani, na wengine wakamfuata, wote, kwa hasira. Wakapita ule mlango. Karani akainuka kitini akatabasamu, askari wakatoka nyuma ya ukuta, wakafunga mlango nyuma yetu sote.

Waliwafunga kamba shingoni palepale. Mama alimrukia askari mmoja, akapigwa kitako cha bunduki hapa bavuni, na ubavu ule ulimuuma kila mvua zikianza mpaka alipokufa. Msomaji alisimama na kitabu mkononi. Hakukimbia, hakulia. Karani alimpiga bega, kama mtu anayemshukuru.

Hakuna aliyerudi. Waingereza walikuja, Wadachi wakaenda zao, mizigo ikafuata vita kusini huko, na hakuna aliyerudi.

Baada ya vita mambo ya karani yalijulikana. Ikolo walimchinjia Msomaji fahali. Tupokigwe alisema mumewe alikaa kwenye kigoda cha heshima, wakamwekea nyama ya nundu, akaigeuza-geuza, akawapa mbwa. Mwambao, wanawake walikubaliana jina lake lisitajwe. Halikutajwa. Watoto waliozaliwa kwetu baada ya hapo hawalijui, wanajua tu kulikuwa na mtu. Na Krismasi tukasali wenyewe, kwa nyimbo za kukariri, bila kitabu.

Mimi nilikaa na mambo mawili kichwani, hayakukubali kukaa pamoja. Aliokoa watu. Alitufukuza ili tupone, hilo nililielewa nilipokuwa mkubwa, nikamwambia mama, mama akaendelea kukanda udongo. Lakini kuna siku nyingi kati ya mkeka na Krismasi. Siku zote zile, neno moja halikutufikia. Kwa nini? Nilitaka kulijua hilo kuliko kitu chochote.

Nilimwona tena nikiwa na watoto wangu tayari. Ilikuwa siku za Majilio. Tulikuwa tumeanza tena kuuza Ikolo, na nikaambiwa anakaa huko kwa mtoto wa dada yake, Tupokigwe alikwisha kufariki. Mama alikataa kupanda, akabaki kwenye mtumbwi na wenzake. Nilikwenda na chungu kimoja kichwani.

Alikuwa nje, mkeka, vitabu, jani la mgomba. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Nilitua chungu. Akakigonga.

"Wewe ni binti wa Sekela."

"Wa Sekela na Kajigili."

Mkono wake ukabaki juu ya chungu.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana nililelewa. "Nimekuja kuuliza neno moja tu. Kwa nini hukutuma mtu?"

Kuku alipanda mkekani akatembea juu ya vitabu, hakumfukuza.

"Ikolo nilimnong'oneza mtu mmoja," akasema. "Mzee Anganile. Nilijua atakufa nalo. Kwenu… ningemwambia nani? Ningemwambia mmoja, kesho lingekuwa sokoni. Karani angelisikia, na wote wangekwisha, wa Ikolo na wa kwenu."

"Kwa hiyo hukutuamini."

Nilingoja aseme si hivyo. Nilingoja aseme vita, karani, kiboko. Ningemsaidia hata kutafuta maneno.

"Sikuwaamini," akasema. "Nilipenda vyungu vyenu. Ninyi sikuwaamini."

Nilichukua kata yangu ya kichwani, chungu nikakiacha, sijui kwa nini, wala sikumdai akijaze. Akasema, "Binti, walikuwa nani? Kajigili namjua. Wale wengine?"

"Huwajui?"

"Nyuso zao naziona kila siku. Majina hakuna aliyekubali kuniambia."

Basi nikamwambia. Kajigili. Nsajigwa. Ambokile. Syabumi na mdogo wake Andondile. Asagwile. Mbalika. Akayarudia. Alikosea, nikamsahihisha. Akakosea tena pale pa ndugu wawili, nikamsahihisha tena, kwa ukali, naye akarudia kama mtoto mpaka nilipomaliza. Nikaondoka bila kuaga.

Tulikuwa tumeshaingia majini, kafi zinapiga, nilipomwona kwenye mchanga. Amekuja na fimbo peke yake. Sijui alituona au alituhisi tu. Akasimama maji yanamgusa vidole, akainua kichwa, akasoma. Sina neno jingine, alisoma. Ile sauti, upepo haukuichukua, ilikuja juu ya maji moja kwa moja.

"Kajigili! Nsajigwa! Ambokile! Syabumi! Andondile! Asagwile!"

Akanyamaza. Mdomo wake ulikuwa wazi, anatafuta. Wanawake wote mtumbwini walikuwa wameacha kupiga kafi. Alibaki mmoja. Mbalika alikuwa kijana, hakuwa ameoa, mama yake alikwisha kufa. Hakukuwa na mtu mtumbwini wa kumdai.

Mama yangu, aliyekaa mbele, akaweka kafi chini. Hakuwa amesema neno na mtu yule tangu mlango ule ufungwe. Akasimama, mkono mmoja umeshika ubavu, mtumbwi ukayumba.

"Na Mbalika!" akapaza. "Na Mbalika, wewe!"

"Mbalika!" ikaja kutoka mchangani.

Mama akakaa, akachukua kafi yake, tukaenda.